Windows 7 kwenye OptiPlex 7010 ya mtumba: uzoefu wangu wa draiva na mtandao

Windows 7 kwenye mashine hii inakwenda vizuri kabisa, ila ukikosea mpangilio wa kuweka draiva (programu zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa) utahangaika kutwa nzima na mwisho utadhani kadi ya mtandao imekufa. Mashine ni Dell OptiPlex 7010 yenye Core i5-3470, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 240. Windows ni 7 Professional ya biti 64 yenye Service Pack 1. Nimebaki nayo kwa sababu ya skana moja ya zamani ambayo draiva yake iliishia hapo. Kama huna sababu ya namna hiyo, usijisumbue: Microsoft ilisitisha msaada tarehe 14 Januari 2020.

Anza na diski. Washa mashine huku ukigonga F2 mpaka BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) ifunguke, ingia System Configuration, kisha SATA Operation. Ukikuta RAID On, weka AHCI hapo hapo kabla hujapiga (kusakinisha) Windows; zote mbili ni njia za mashine kuongea na diski. Ukipiga kwanza halafu ukabadilisha baadaye, mashine itagoma kuwaka na kukuonyesha skrini ya buluu yenye msimbo 0x0000007B, kwa kuwa Windows huamsha draiva ya ile hali iliyoikuta tu, nyingine huzilaza. Kama umeshafika huko, rudisha hali ya mwanzo, fungua regedit (kihariri cha sajili ya Windows), nenda HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\services\msahci, badilisha Start iwe 0, zima, ndipo uweke AHCI.

Flashi ya kusakinishia niliiandaa kwa programu ya Rufus, mtindo wa MBR (mpangilio wa zamani wa diski), na BIOS nikaiacha kwenye Legacy, yaani njia ya zamani ya kuwasha, huku Secure Boot ikiwa imezimwa. SSD iliyotoka kwenye mashine ya Windows 10 mara nyingi huwa ya GPT (mpangilio mpya), na ukiwa umewasha kwa Legacy kisakinishi kitaikataa. Bonyeza Shift+F10, andika diskpart, list disk, select disk 0, kisha clean. Amri hiyo inafuta kila kitu bila kuuliza mara mbili, kwa hiyo soma ukubwa wa diski kwanza, usije ukaisafisha flashi yako mwenyewe.

Sasa mtego unaowapoteza wengi. Kisakinishi kinaanza vizuri, halafu kinadai draiva ya CD/DVD haipo. Watu wanatafuta draiva ya CD mpaka usiku wakati hakuna CD yoyote hapo! Windows 7 ilitoka mwaka 2009 na haina draiva ya USB 3.0 ndani yake. BIOS inaweza kuisoma flashi kwenye tundu la buluu, lakini kisakinishi kikishashika usukani, tundu hilo linakuwa kama halipo. Hamishia flashi kwenye tundu jeusi na uanze upya. Kibodi na mausi navyo viweke kwenye matundu meusi, la sivyo vinaweza kuganda kisakinishi kikishaanza.

Windows ikishawaka, Device Manager (orodha ya vifaa vya mashine) itakuwa imejaa alama za njano na hakuna mtandao. Usikimbilie zile programu za kutafuta draiva zenyewe, nyingi huja na takataka zaidi ya draiva. Bonyeza kifaa kwa kitufe cha kulia, Properties, kichupo cha Details, chagua Hardware Ids. Utaona mstari kama PCI\VEN_8086&DEV_1502. VEN ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. DEV ni kifaa chenyewe, na 1502 ni kadi ya waya Intel 82579LM, iliyotoka baada ya Windows 7 na ndiyo maana haijulikani. Kwenye mashine hii, PCI Simple Communications Controller yenye DEV_1E3A ni Management Engine (kidhibiti cha Intel kilicho ndani ya mashine), PCI Serial Port yenye 1E3D ni sehemu ya AMT (usimamizi wa mashine kwa mbali), na Universal Serial Bus Controller yenye 1E31 ndiyo yale matundu ya buluu. Mpangilio wangu: chipset (chipu kuu za ubao) kwanza, kadi ya waya wa mtandao, USB 3.0, kioo (draiva ya picha), mwisho Management Engine.

Ukipakua draiva mpya kupita kiasi, inaingia vizuri halafu kifaa kinaonyesha Code 52, yaani Windows imeshindwa kuthibitisha saini. Kifaa ni kizima. Draiva za miaka ya karibuni zimetiwa saini ya SHA-2 (aina mpya ya saini ya kidijitali), na Windows 7 isiyo na masasisho haiwezi kuisoma ipasavyo. Pakua mafaili haya ya masasisho kutoka tovuti ya Microsoft Update Catalog kwa mashine nyingine, uyaweke kwa zamu hii: KB3020369, KB3125574, KB4490628, KB4474419. La pili ni mzigo wa masasisho mpaka 2016, karibu MB 480, basi pima bando lako. Hizo mbili za mwisho ndizo za SHA-2. Ongeza KB4012212 ya Machi 2017, inayoziba lile tundu la usalama la SMB (njia ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao) lililopitiwa na virusi vya WannaCry. Zima na uwashe kila inapokuomba. Ukiruka moja ili kuokoa dakika tano, inayofuata huenda ikakuambia haifai kwa kompyuta yako, kumbe kinachokosekana ni ile uliyoiruka.

Huna mashine ya pili? Simu ya Android inatosha. Ichomeke kwa waya wa USB kwenye tundu jeusi na uwashe USB tethering (kugawa intaneti ya simu kwa waya). Windows 7 ikiishia kuandika RNDIS (jina la njia hiyo ya mtandao kupitia USB) na alama ya njano, bonyeza kifaa hicho, Update Driver Software, Browse my computer, kisha Let me pick. Chagua Network adapters, mtengenezaji Microsoft Corporation, halafu Remote NDIS based Internet Sharing Device. Itakuonya kwamba haipendekezwi, wewe kubali. Sekunde chache baadaye intaneti ipo, bila kupakua chochote.

Kuwa na intaneti na kurasa kufunguka ni mambo mawili, lakini. Internet Explorer 8 iliyokuja nayo ina TLS 1.2 (njia ya kulinda mawasiliano na tovuti) ila imezimwa, na hata ukiiwasha kwenye Internet Options, Advanced, tovuti nyingi zitaendelea kukataa. Mimi huingiza Firefox ESR 115 (toleo la msaada wa muda mrefu) kwa flashi na kuachana na Internet Explorer. Chrome iliishia toleo la 109. Ukiona kila tovuti inalalamikia cheti, tazama saa iliyo pembeni kabla ya kitu kingine. Betri ya CR2032 ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa, na vyeti vyote vinaonekana bado havijaanza kazi.

Waya ukiwa umechomekwa na anwani ikawa 169.254 kitu, mashine haijapewa IP na ruta. Badilisha waya, jaribu tundu lingine la ruta, ndipo ufungue cmd kwa Run as administrator: netsh winsock reset, netsh int ip reset, washa upya. Kwenye hotspot, simu mpya huweza kuwa imewekwa GHz 5 au WPA3 (ulinzi mpya wa Wi-Fi). Kadi ya zamani ya GHz 2.4 haitaiona kabisa ile ya kwanza, na Windows 7 haifahamu WPA3. Weka GHz 2.4 na WPA2 kwenye simu.

Kwa skana na kuchapa, nyota nne. Kwa kuingia benki au barua pepe, hata moja siipi, na waya wa mtandao kwangu huchomekwa siku ya kazi maalumu tu. Kila kitu kilipokaa sawa nilifungua Backup and Restore, nikatengeneza system image (nakala ya mfumo mzima) kwenye diski ya nje, na pembeni nikaweka folda ya draiva na zile KB tano, majina yake yakianza na namba 1 mpaka 5.