XYZ Show: vikaragosi vya mpira, nyota nne

Kipindi hiki cha Kenya cha kuwacheka wanasiasa kwa vikaragosi kilipoanza Citizen TV mwaka 2009, shemeji yangu alisusa: “Hawa wana upande wao!” Mimi nikachukua daftari, kila wiki naandika nani kapigwa, Rais Kibaki au Waziri Mkuu Raila, maana walikuwa serikali moja. Hakuna aliyeponea. Gado, Mtanzania aliyezoeleka kwa katuni za gazetini, aliwatengenezea sura za mpira hivi kwamba mama yangu, asiyefuata siasa kabisa, aliwatambua kabla hawajafungua mdomo.

Ningependa wananchi wa kawaida wasikike zaidi. Lakini mzaha ule haukujiita habari. Kituo kingine nilichokiamini kwa miaka kilitusomea hotuba ya chama katikati ya taarifa ya saa moja, bila kututajia ni ya nani. Bado inaniuma.