Uzoefu wangu na FRUS: kuusoma mgogoro wa makombora ya Kuba kwenye hati zenyewe

Kwa anayetaka kuelewa jinsi dunia ilivyoponea chupuchupu vita vya nyuklia Oktoba 1962, pale Wasovieti walipoweka makombora Kuba, sijaona kitu cha bure kinachoishinda FRUS. Jina lake kamili ni Foreign Relations of the United States, mkusanyo wa hati za kidiplomasia ambao serikali ya Marekani imekuwa ikiuchapisha tangu 1861. Uko wazi kwenye history.state.gov, hujisajili wala hulipi. Utamu wake ni kwamba unawasikia wakubwa wakibishana kabla hawajajua mambo yataishaje.

Wengi hukimbilia Juzuu ya XI ya 1961–1963 kwa sababu ndiyo yenye jina la mgogoro. Juzuu hiyo inaanza Oktoba, mambo yameshaiva. Anzia mwishoni mwa Juzuu ya X, kwenye tathmini ya kijasusi ya tarehe 19 Septemba 1962, yenye namba SNIE 85-3-62. Humo wachambuzi wanasema kuweka Kuba makombora ya kuipiga Marekani hakulingani na desturi ya Wasovieti hadi wakati huo. Hazikupita wiki nne, tarehe 14 Oktoba, ndege ya upelelezi ya Marekani, U-2, ikapiga picha eneo la San Cristóbal nchini Kuba, na asubuhi ya tarehe 16 Rais Kennedy wa Marekani akaletewa habari za makombora. Ukiwa umeisoma tathmini ile, mshangao uliojaa kwenye kikao chake na washauri wake siku hiyo unaeleweka.

Kinachovuruga wasomaji kuliko yote ni saa. Telegramu kutoka ubalozi wa Marekani Moscow huwa na saa ya kutumwa kwa majira ya Moscow, na saa ya kupokelewa kwa majira ya Washington. Hadi Jumamosi tarehe 27 Moscow ilikuwa mbele kwa saa 7. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 28 Washington ikarudisha saa nyuma, tofauti ikawa saa 8, na ni Jumapili hiyohiyo Redio Moscow ilipotangaza kwamba Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, anayaondoa makombora: saa 11 jioni kule, saa 3 asubuhi Washington. Ukiendelea kuhesabu tofauti ya saa 7 utapata saa 4, na mfuatano wa asubuhi nzima utaharibika. Amri ya Kennedy ya kuizuia Kuba baharini nayo ilitumia saa za Greenwich, na ilianza kazi saa 8 mchana tarehe 24, yaani saa 4 asubuhi Washington. Msomaji wa Afrika Mashariki ana nafuu hapa, kwa kuwa saa za Moscow ni sawa na zetu. Chora safu tatu kwenye karatasi, Moscow, Greenwich na Washington, kisha jaza kila hati unayoisoma.

Faida ya safu hizo utaiona kwenye barua ya Khrushchev ya tarehe 26. Ilifika ubalozini Moscow kabla ya saa 11 jioni. Ikatafsiriwa, ikawekwa katika msimbo, ikatumwa vipande vipande, na kipande cha mwisho kikaingia Washington usiku, karibu saa 12 baadaye. Kesho yake ujumbe wa pili, uliodai Marekani iondoe makombora yake Uturuki, ulisikika kupitia Redio Moscow wakati washauri wa Kennedy walikuwa bado wanaijadili ile ya kwanza. Ukitaka barua zote za wakuu hao wawili kwa mfuatano, ziko Juzuu ya VI.

Kasoro kubwa ya FRUS ni kwamba unasikia upande mmoja. Jioni ya tarehe 27 Robert Kennedy, mdogo wake Rais na mwanasheria mkuu wa serikali, alikutana na Dobrynin, balozi wa Wasovieti Washington. Katika dokezo lake kwa waziri wa mambo ya nje Dean Rusk la tarehe 30 anasisitiza kwamba hapakuwa na mapatano ya kubadilishana makombora ya Uturuki na ya Kuba. Telegramu ya Dobrynin, inayopatikana bure kwenye hazina ya kidijitali ya Wilson Center, inaeleza vingine: Rais haoni kikwazo kuhusu Uturuki, ila inahitajika miezi minne au mitano na jambo lisisemwe hadharani. Makombora hayo ya Marekani huko Uturuki, 15 ya aina ya Jupiter, yalikuwa yameondolewa kufikia mwisho wa Aprili 1963, na habari za Uturuki zimewekwa mbali, Juzuu ya XVI. Vilevile, washauri wa Kennedy waliokuwa wakitetea kuivamia Kuba hawakujua kwamba Wasovieti walikuwa na silaha ndogo za nyuklia za uwanja wa vita tayari kisiwani. Hilo lilikuja kusemwa wazi Havana mwaka 1992. Zisome hoja zao ukilikumbuka.

Usiruke tanbihi ya kwanza ya kila hati. Ndiyo inayosema hati ilitoka faili gani, ilikuwa siri ya daraja gani, na mara nyingine kama Rais aliisoma. Maandishi kwenye mabano ya mraba yanaonyesha kilichozuiwa na urefu wake. Kwa Kuba ipo pia nyongeza ya hati za ziada ya Juzuu za X, XI na XII, iliyokuwa ya mikrofishi (filamu za picha ndogo za kurasa) na sasa imepandishwa mtandaoni. Wengi hawajui kama ipo.

Kwa wenye kifurushi kidogo, pakua faili la kitabu cha kidijitali (EPUB) la juzuu nzima uisome nje ya mtandao. Orodha ya vifupisho na ya watu iko mwanzoni, iwekee alama.

Wanaotaka kusoma Kongo ya Lumumba wawe waangalifu zaidi. Juzuu ya XIV ya 1958–1960 na ya XX ya 1961–1963 ziliacha nje sehemu kubwa ya shughuli za siri za CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2013 na Juzuu ya XXIII ya 1964–1968, ambayo licha ya namba yake inarudi hadi 1960. Anzeni na sehemu yake ya kwanza, kisha mrudi kwenye hizo mbili.