TAHADHARI BUKAVU: silinda ya Vespa «177» ambayo si 177, na breki za kubandika

Wenye Vespa wa Bukavu, hasa ninyi mnaotaka kuiongezea Vespa ya aina ya PX nguvu, someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa.

Nina PX 150 ya marehemu papa, ya miaka ya 80. Inatembea vizuri, ila kupanda Kadutu na mtu nyuma ilikuwa aibu: gia ya pili, injini inalia, wanafunzi wanakusindikiza kwa miguu. Dawa yake inajulikana. Unatoa silinda ya asili, unaweka ya 177 (ujazo wa sentimita 177 za ujazo, badala ya 150) na pistoni yake, bila kupasua tumbo la injini. Kwa kuwa nguvu ikiongezeka na kusimama lazima kuongezeke, nikasema breki nazo zitengenezwe hapo hapo.

Kuna bwana anajiita fundi wa Vespa, anapitisha picha kwenye makundi ya WhatsApp. Boksi limefungwa, maandishi ya Kiitaliano, bei dola 180 kwa silinda, 60 kwa breki za mbele na nyuma, kazi ndani. Nikatuma 150 kwa simu. Wiki ya pili: «Mkubwa, mzigo umekwama mpakani Ruzizi, ongeza 30 ya duwane.» Nikaongeza. Risiti ya duwane, yaani ya ushuru wa forodha, sikuiona. Boksi la kwenye picha sikuligusa hata kwa kidole, maana siku naitwa garaji nilikuta silinda imeshafungwa, inang'aa rangi ya fedha mpaka ndani ya mapezi. Nikamalizia 60. Kilomita za kwanza ikanuka kama jiko lililopakwa rangi.

Mlimani ikabaki gia ile ile ya pili. Nikampigia. Akasema Bukavu iko juu, hewa nyepesi, injini lazima izoee. Uongo wa namna hii ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu nusu yake ni kweli: tuko kwenye mita 1500 hivi, na kabureta iliyopangwa kwa nchi ya chini huku inamwaga esansi (petroli) nyingi kuliko hewa. Lakini hilo linatengenezwa kwa kubadilisha jikleri, kile kitundu cha kupimia esansi ndani ya kabureta, na silinda yangu ya zamani ilikuwa ikivuta hewa hiyo hiyo.

Siku ya nne nashuka kutoka Kadutu, mvua imetoka kunyesha. Nakanyaga breki ya nyuma, mguu unazama. Kitu kikasaga ndani ya dramu, krrr, kisha kimya. Breki ya mbele ya PX hizi tangu kiwandani si ya kujivunia, na barabara ilikuwa tope. Nikarudisha gia mpaka ya kwanza, nikaiingiza Vespa kwenye lundo la mchanga wa mtu anayejenga. Mama mmoja muuza makala (makaa) akaniambia, «Pole papa, kaa kwanza.» Nikakaa.

Tulifungua kwa fundi mwingine, mzee asiyeongea sana. Kwenye dramu ya nyuma garnitire moja, ule ukanda unaosugua dramu, ilikuwa imebanduka kwenye kiatu chake. Ni ile ile ya zamani, imeoshwa kwa esansi, imekwaruzwa na msasa, ikabandikwa upya kwa gundi. Juu yake mafuta meusi ya gia. Kwenye Vespa, ile spi (mpira wa kuzuia mafuta) ya ekseli ya nyuma ikichoka, mafuta ya gia yanaingia moja kwa moja kwenye breki. Yule bwana wa kwanza aliniandikia kwamba kaibadilisha. Iliyokuwemo ilikuwa ngumu kama ukwaju mkavu.

Kisha silinda. Mzee akachukua kalipa, akapima upana wa tundu la silinda: milimita 58.4. Silinda ya 177 ina 63. Hesabu unaweza kuifanya mwenyewe, pistoni inapanda na kushuka milimita 57: kwa sentimita, 6.3 × 6.3 × 0.785 (ya duara) × 5.7 inakupa 177. Weka 5.84 mahali pa 6.3, unapata 152. Yaani niliuziwa silinda kuukuu ya 150 iliyochongwa na kupakwa rangi. Kichwani mwa pistoni huwa pamepigwa namba. Hii ilisuguliwa, lakini tulipoipangusa na kuilaza taa ya simu ubavuni, 58 ilionekana, nukta, na nusu ya 4.

Nilimrudia. Akanijibu kwamba piesi ikishafunguliwa na fundi mwingine hairudishwi. Sasa hapokei simu, ila picha ya lile boksi bado anaituma. Jana imepita tena kwenye kundi moja.

Ukilazimika kununua kwake au kwa mwingine, pima silinda ikiwa mkononi, kabla haijafungwa. Garnitire zikwangue pembeni kwa ukucha uone kama gundi inatoka. Spi ya zamani mwambie akupe, uondoke nayo.

Na bado anayo silinda yangu ya asili, alisema ameitupa. Siamini. Ina pezi moja lililovunjika upande wa plagi, la tatu kutoka juu, na mkwaruzo mfupi chini yake papa alipoikwaruza na tornavisi. Mkiletewa hiyo imepakwa rangi ya fedha na kuitwa 177, niandikieni.