Uzoefu wangu na SystemRescue: kompyuta ilipokataa kubuti kutoka kwenye diski

Kompyuta yangu ya mezani iliwaka kama kawaida. Feni zilizunguka, nembo ikatokea, kisha skrini ikawa nyeusi na mstari mmoja tu: "No bootable device". Yaani haioni pa kuanzia. Ndani ya diski ile mlikuwa na faharasa ya istilahi niliyoijenga kwa miaka minne ya kazi ya kutafsiri, na nakala ya mwisho niliyoiweka kwenye diski ya nje ilikuwa ya miezi saba nyuma.

Fundi wa kwanza niliyempigia aliniambia, bila hata kuiona mashine: "Ifomati, weka Windows upya, itapona." Nilimshukuru, nikakata simu. Ushauri huo hutolewa kila siku, na unaniumiza, kwa sababu ni kweli kwamba mashine itapona. Kitakachozikwa ni kazi ya mwenye mashine.

SystemRescue ni mfumo endeshi kamili wa Linux unaokaa kwenye flashi. Ni wa bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kompyuta hubuti kutoka kwenye flashi badala ya diski, mfumo ukaingia kwenye RAM (kumbukumbu ya muda inayofutika mashine ikizimwa), na diski yako haiguswi mpaka uamue mwenyewe kuigusa. Ndani yake kuna zana kadhaa za ukarabati. Mimi nilitumia mbili hasa, smartctl na ddrescue, na maoni yangu yanazihusu hizo zaidi.

Kabla ya flashi, nilifanya yale ya mwanzo. Nilichomoa kila kitu kilichokuwa kwenye milango ya USB, maana wakati mwingine kompyuta hung'ang'ania kubuti kutoka kwenye flashi iliyosahaulika. Niliingia BIOS, ile mipangilio ya msingi inayopatikana kabla Windows haijawaka, na kuangalia tarehe na saa. Vilikuwa sahihi, kwa hiyo betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ilikuwa hai na mipangilio haikuwa imejirudisha yenyewe. Kisha swali lililo kubwa kuliko yote: je, BIOS inaiona diski? Iliiona, kwa jina na ukubwa wake, ila baada ya kusitasita. Nikadhani ni waya wa SATA, unaounganisha diski na ubao mama, nikaubadilisha. Haikusaidia kitu.

Flashi niliitengeneza kwenye kompyuta ya rafiki. Kuibuti kulinichukua muda, kwa sababu BIOS iliikataa mpaka nilipozima Secure Boot, kinga inayoruhusu kubuti mifumo yenye saini inayotambulika tu. Mwenye diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kusimba diski, asiguse mpangilio huo kabla hajaushika mkononi ule ufunguo wa tarakimu 48, kwani Windows inaweza kuudai mara itakapowaka tena. Yangu haikuwa imefungwa.

Amri ya kwanza niliyoandika ilikuwa smartctl -a /dev/sda. Hiyo huiuliza diski yenyewe habari za afya yake. Juu kabisa ikaandika PASSED, imefaulu, na kwa dakika kama mbili nilifurahi. Halafu nikateremka kwenye jedwali. Mstari namba 5, sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizokwisha kuhamishwa: 40. Mstari 197, sekta zinazosubiri: 112. Mstari 199, makosa ya mawasiliano kwenye waya: sifuri.

Mistari hiyo mitatu ilinieleza karibu kila kitu. Sifuri ya 199 ilimaanisha waya haukuwa na kosa. Laiti ningeanza hapa nisingeufungua. Sekta inayosubiri ni ile ambayo diski imejaribu kuisoma ikashindwa, na sasa imeiwekea alama. Ikiandikwa upya vizuri, alama huondoka. Isipoandikika, diski huiacha na kutumia sekta ya akiba mahali pake. Na lile neno PASSED? Diski hulinganisha hali yake na vikomo alivyoweka mtengenezaji, na kwenye diski yangu kikomo cha mstari 197 kilikuwa sifuri, kiasi kwamba idadi ingepanda vyovyote vile neno lisingebadilika. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu najua wengi huishia kwenye neno hilo, wakafunga na kwenda kuweka Windows upya juu ya diski inayokufa.

Kwa hiyo diski yangu ilikuwa inaonekana lakini ni mgonjwa. Hapo mpango wote hubadilika. Usiendeshe chkdsk wala bootrec, amri za Windows za kukarabati faili na kubuti; usiandike chochote juu yake. Chkdsk ikiambiwa ikarabati, hufanya hivyo kwa kuandika, na ikiambiwa itafute sekta mbovu (/r) huilazimisha diski dhaifu isome kila kona. Kwanza nakala, ukarabati baadaye, na ukarabati huo ufanyike juu ya nakala.

Kazi ya nakala ni ya ddrescue, na hapa ndipo SystemRescue ilipoipata heshima yangu. Programu ya kawaida ya kunakili ikikutana na sekta mbovu hukwama au hukata tamaa. Ddrescue huiruka, ikachukua kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi, kisha hurudi kwenye sehemu ngumu ikizimega kidogo kidogo. Kila inapopita huandika kwenye faili dogo la ramani: hapa pamepatikana, hapa bado, hapa pameshindikana. Umeme ukikatika, unaandika amri ileile na inaendelea pale ilipoachia.

Ila ramani hiyo iwekwe mahali salama. SystemRescue inaishi ndani ya RAM, hivyo ukiihifadhi kwenye folda yoyote iliyo mbele yako itafutika mara mashine ikizimwa. Nilichomeka flashi ya pili kwa ajili ya ramani peke yake.

Nilinunua SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya terabaiti moja, sawa na diski ya zamani, maana nakala haiwezi kuingia kwenye diski yenye baiti chache kuliko asili. Amri ilikuwa ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /mnt/ramani. Mkono ulinitetemeka kabla ya kubonyeza Enter. Jina la kwanza ni diski unayoiokoa, la pili ni unayoiandikia. Ukizigeuza, utamwaga utupu juu ya kazi yako, na ile -f huiambia programu isikuzuie. Nililinganisha namba za mfululizo zilizoandikwa kwenye vibandiko na zile zilizotokea kwenye skrini, mara tatu. Hili ndilo lalamiko langu kubwa. Zana inayotumiwa na watu walio kwenye hofu ingepaswa kukuonyesha majina na ukubwa wa diski zote mbili na kukuuliza kama una hakika, bila kusubiri uiongezee --ask.

Sehemu nzuri ilikwisha kwa karibu saa tatu. Kisha nikaondoa -n, iliyoiambia iache kwanza kuzimega sehemu ngumu, na kuweka -r3, ijaribu sehemu mbovu mara tatu zaidi. Hiyo ilikwenda usiku kucha. Nililala kwenye kiti, nikiamka kutazama namba ikipungua kwa kilobaiti chache. Asubuhi zilikuwa zimebaki kilobaiti 688 zisizosomeka, kati ya baiti zaidi ya trilioni moja.

Nilizima mashine, nikaichomoa diski ya zamani kabisa (mbili zenye vitambulisho vilevile huichanganya Windows), nikawasha tena kwa flashi na kuifungua nakala kwa kusoma tu. Folda ya faharasa ilikuwepo. Nilifungua faili moja baada ya jingine mpaka herufi Z. Yote yalikuwa mazima. Niliyanakili kwenye flashi hapohapo, kabla ya kufanya lolote jingine.

SSD nayo ilikataa kubuti. Baadhi ya sekta zilizopotea zilikuwa kwenye ile patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa) ndogo ya megabaiti 100 ya EFI, iliyo mwanzoni mwa diski, ambamo kompyuta hutafuta faili za kuanzia. Hapa SystemRescue ilifika mwisho wa uwezo wake kwangu, nikahamia kwenye flashi ya kuweka Windows. Kwa diskpart, zana ya Windows ya kupanga patisheni, niliipa patisheni hiyo herufi S, nikaifomati hiyo peke yake kuwa FAT32, kisha nikaandika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI, inayorudisha faili za kuanzia. Sekunde chache tu. Windows ikaingia, na kioo changu cha kazi kikatokea vilevile nilivyokiacha. Chkdsk niliiendesha baadaye, kwenye SSD. Video moja tu ndiyo niliyoikuta imeharibika.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano inapotea kwa sababu ya Secure Boot, kwa sababu ya skrini ya amri isiyomhurumia asiyejua Kiingereza, na kwa ile hatari ya kugeuza majina mawili. Mwenye diski inayogonga au kukwaruza kwa ndani asiitumie kabisa. Hiyo ni hitilafu ya vyuma, na kila dakika inayozunguka inaharibu zaidi. Aizime na ampelekee mtaalamu wa kuokoa data. Lakini kama diski yako iko kimya, BIOS inaiona, na umeambiwa uifomati, jaribu hii kwanza.

Diski ya zamani bado ninayo kwenye droo. Wiki iliyopita niliichomeka tena na kuiuliza smartctl. Mstari 197 umefika 304, na juu yake bado imeandikwa PASSED.