TAHADHARI: Fundi wa tovuti anayeuza "kifurushi cha maisha" hapa Dar anasoma barua pepe zenu

Wafanyabiashara wenzangu wa Kariakoo, Manzese, Sinza, Tabata na kwingineko, naomba msome hii mpaka mwisho, kisha mkaangalie akaunti zenu leo hii. Mimi na mdogo wangu tunashona sare za shule Manzese. Novemba, msimu ambao tunategemea kuula mwaka mzima, shule moja ya Morogoro imelipa shilingi 2,310,000 kwa ankara iliyotoka kwenye anwani yetu wenyewe ya barua pepe. Hela hiyo hatujaiona. Na kila dalili inaonyesha aliyeituma ankara ile ni yule yule tuliyemlipa atufungulie hiyo anwani.

Simtaji jina kwa sababu jalada liko polisi, ila namna anavyokuja nitaieleza, mtamtambua. Ni kijana nadhifu, mpole, anaongea taratibu. Anapita ofisi kwa ofisi, na kila anapoingia anataja mteja wake mnayefahamiana naye. Kwetu alimtaja jirani anayeuza vitambaa. Bei yake ni 250,000 kwa tovuti, domeni (jina la tovuti) ya .co.tz na anwani tano za imeili, "unalipa mara moja, maisha". Neno hilo maisha lilitakiwa litushtue. Domeni haiuzwi ya maisha. Unaisajili kwa mwaka na kuihuisha, na hata zile za .com huwezi kuzilipia zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo. Nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na barua zako, nayo inalipiwa kila mwezi au kila mwaka. Kama wewe hulipi, kuna mwingine anayelipa, na akaunti imeandikwa jina lake.

Mwaka wa kwanza hatukuona tatizo. Baadaye wateja wakaanza kulalamika kwamba barua zinawarudia, sanduku limejaa. Fundi akaja, akachukua 60,000 ya "kuongeza nafasi". Miezi mitano mbele, wimbo ule ule, 60,000 nyingine. Sanduku letu halikuwa na hata barua mia tatu.

Jumanne moja asubuhi mhasibu wa shule akanipigia. "Mama, habari za kazi. Naulizia tu mzigo utafika lini, maana ile nusu tumeshatuma tangu Ijumaa." Nikamwambia, "Mwalimu, mbona sisi hatujapokea kitu? Tunawasubiri ninyi ndiyo tukate vitambaa." Akanyamaza. Kisha akanitumia picha ya ankara kwa WhatsApp. Nembo yetu, mhuri wetu, sketi 140 na mashati 140 kama nilivyoandika, hata pale nilipokosea nikaandika "skteti" pamebaki vilevile. Kilichobadilika ni mstari mmoja tu wa chini. Akaunti yetu ya benki imetolewa, imewekwa lipa namba, na pembeni maneno haya: "Akaunti ya benki ipo kwenye ukaguzi, tafadhali tumieni namba hii."

Na msimlaumu yule mhasibu, hakuzembea. Aliona mabadiliko, akaandika kuuliza kama ni sahihi. Jibu likamrudia kutoka kwenye anwani yetu halisi: ndiyo, ni sahihi. Swali lake sikuliona, na jibu sikuandika mimi.

Fundi simu akazima. Mpwa wangu anayesoma chuo akaitafuta domeni yetu kwenye whois, yaani rejista ya wazi ya wenye domeni, akakuta mmiliki aliyeandikwa ni fundi, kwa jina lake na imeili yake. Hapo hapo aliona majina ya seva, ndiyo tukajua kampuni gani inahifadhi tovuti yetu. Tukaenda na cheti cha BRELA, TIN, RB ya polisi na meseji za malipo. Ilichukua siku nne, tukafunguliwa cPanel, ukurasa wa kuendeshea tovuti na imeili zote, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuwa na tovuti.

Nilikaa pembeni ya mpwa wangu naangalia. Akabonyeza palipoandikwa Forwarders. Upande wa kushoto kulikuwa na anwani yetu ya mauzo, kulia anwani ya Gmail tusiyoijua. Maana yake kila barua iliyoingia kwetu, nakala ilikwenda kwa mtu mwingine. Kila oda, kila bei tuliyoombwa, miaka miwili. Akaingia Email Filters. Huko kulikuwa na sharti kwamba barua yoyote kutoka shule ile yenye neno "ankara" au "malipo" ipelekwe kwenye Gmail hiyo na isiwekwe kabisa kwenye sanduku letu. Ndiyo maana swali la mhasibu halikunifikia. Mikono ilikuwa inanitetemeka.

Nataka mlielewe hili vizuri, maana watu wengi wanadhani wako salama wakishabadilisha paswedi. Sisi siku ile tuliyopigiwa tulibadilisha paswedi za imeili zote tano, na haikusaidia chochote. Forwarders na vichujio vinafanya kazi kwenye seva yenyewe, barua inapofika tu, kabla hata hujafungua sanduku. Ubadilishe paswedi mara kumi, nakala zitaendelea kwenda mpaka uufute ule mstari.

Kisha tukafungua File Manager. Ndani ya public_html, folda ya mafaili yanayoonekana mtandaoni, tulikuta folda za biashara nane, yetu ikiwa mojawapo. Amenunua kifurushi kimoja cha seva akakikatakata, akatuuzia watu wanane, kila mmoja akiamini ni chake peke yake. Nafasi ilikuwa haiishi kujaa kwa sababu hiyo, na hiyo 60,000 tulikuwa tunalipia mafaili ya watu wengine. Kibaya zaidi, palepale kulikuwa na faili moja la zip la zaidi ya GB 6, nakala ya akaunti nzima, na ndani yake folda ya mail yenye barua za wote wanane. Faili likiwa ndani ya public_html, kwa kawaida mtu yeyote anayeijua anwani yake analipakua kwa kivinjari tu, haulizwi paswedi. Nakala za akiba zihifadhiwe nje ya public_html, na bora zaidi uzipakue kwenye diski yako ofisini halafu uzifute kwenye seva. Ukifuta, kumbuka kumwaga na folda ya .trash, kwa sababu mpaka hapo nafasi bado inahesabika.

Sasa fanyeni hivi. Angalieni anwani mliyopewa ya kuingilia. Ikiishia na 2096, hiyo ni ya sanduku lako la barua tu, umepewa ufunguo wa chumba. Ya cPanel inaishia na 2083, na huo ndio ufunguo wa nyumba. Fundi akikuzungusha kuhusu 2083, jua kuna kitu. Ukishaingia, badilisha kwanza paswedi ya cPanel yenyewe, kisha pitia Forwarders, Email Filters na Global Email Filters, ufute usichokitambua. Nenda FTP Accounts, njia nyingine ya kupakia na kuchukua mafaili, ufute majina usiyoyajua, maana hizo zina paswedi zake na mtu anaendelea kuingia kwenye mafaili yako kupitia huko. Kwenye Zone Editor angalia rekodi ya MX, hiyo ndiyo inayoamua barua zako ziende seva gani.

Domeni iwe kwa jina lako au la kampuni yako. Za .tz zinasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na zinasajiliwa kupitia wasajili waliothibitishwa. Unaweza kwenda kwao mwenyewe, fundi si lazima. Imeili ya mawasiliano ya domeni isiwe ya domeni hiyo hiyo, kwa sababu siku ikifungwa hutapata hata taarifa ya kuihuisha. Wateja wenu waambieni kwa mdomo, kwa simu, kwamba namba za malipo hazibadilishwi kwa barua pepe. Namba ya simu ya tapeli iripotini TCRA kupitia 15040, na polisi mfike na picha za kila kitu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu mambo haya haya.

Shule tumekubaliana tuwashonee, hasara tugawane, kwa sababu watoto Januari wanaingia darasani.

Wale wenzetu saba tumewatafuta mmoja mmoja kwa simu zilizo kwenye tovuti zao. Watano tumewapata. Fundi wa aluminiamu wa Tabata alifungua akaunti mpwa wangu akiwa kwenye simu naye, akakuta nakala za barua zake zinakwenda Gmail ile ile, na alikuwa na ankara ya milango aliyoituma asubuhi hiyo. Akampigia mteja wake kabla hajalipa. Wawili bado: mmoja anauza vifaa vya saluni Mbagala, mwingine anakodisha mahema na viti Gongo la Mboto. Namba zao hazipatikani. Kama unawafahamu, au kama ni wewe unayesoma hapa, usitume ankara nyingine kwa imeili hiyo. Niandikie, nitakuonyesha mstari wenyewe ulipo.