Maua ya Kioo ya Harvard: uzoefu wangu

Anayeishi Boston au anayepita huko, ninampendekezea Makumbusho ya Historia Asilia ya Harvard, mjini Cambridge, kwa sababu ya chumba kimoja tu: chumba cha Maua ya Kioo, yaani vielelezo vya mimea vilivyotengenezwa kwa kioo.

Kila jani, kila mzizi, hata vinyweleo vya shina ni kioo, pengine kikiwa na waya ndani wa kukishikilia. Waliovitengeneza ni baba na mwanawe, Leopold na Rudolf Blaschka, kwenye karakana yao Hosterwitz, karibu na Dresden, Ujerumani. Leopold alifariki mwaka 1895. Rudolf akaendelea peke yake hadi 1936. Kwa jumla ni vielelezo zaidi ya 4,000, vya aina zipatazo 780 za mimea.

Ushauri wangu: usiishie kwenye maua mazima. Hayo yanapendeza, na wageni wengi huyatazama, wakastaajabu, wakapita. Inama usogee kwenye vipande vidogo vilivyowekwa kando, vinavyoonyesha sehemu za ua kwa ukubwa kuliko zilivyo. George Lincoln Goodale, profesa wa botania (elimu ya mimea) wa Harvard, aliagiza kazi hii kwa ajili ya kufundishia, maana mmea uliokaushwa hupoteza rangi na umbo. Ndiyo maana utaona ovari, kifuko cha mbegu, imepasuliwa na mbegu changa zimejipanga ndani, stameni, sehemu za kiume za ua, zimesimama na chavua yake, kwingine mdudu yuko kazini akichavusha. Sisi tuliojifunza sehemu za ua kwa kunakili michoro ya ubaoni, hapa ndipo tunaelewa mwalimu alikuwa anazungumzia nini. Mimi nilisimama hapo mpaka miguu ikauma.

Tazama pia meza yao ya kazi. Walilainisha kioo kwenye mwali wa taa, mvukuto ukiendeshwa kwa mguu, kisha wakakivuta na kukibana kwa vifaa vya kawaida kabisa. Watu walidhani wana mtambo wa siri. Leopold alikanusha, kwake siri ilikuwa wepesi wa mkono unaorithiwa na kukua kizazi hadi kizazi. Nikiitazama meza ile, namwamini.

Anayetaka vioo vikubwa vya rangi kali vinavyojaza ukumbi hatavipata hapa. Huu ni uzuri wa kukaribia na kutulia. Watoto wanaosoma biolojia wapelekwe bila kusita. Tiketi hiyohiyo inakuingiza pia Makumbusho ya Peabody, ya akiolojia na tamaduni za watu, jengo la jirani, lakini anza na maua, macho yakiwa hayajachoka.