Kilomita 400 au 800: setilaiti ikae wapi?

Kwenye kilomita 400 juu ya ardhi hewa ni kidogo mno, lakini ipo. Setilaiti inayokimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde huigonga bila kukoma na kushuka polepole. (Kichekesho chake: kadiri inavyoshuka, ndivyo inavyozidi kwenda mbio.) Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hupoteza takriban kilomita 2 kwa mwezi, hivyo injini huwashwa mara kwa mara kukipandisha tena. 1KUNS-PF, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, haikuwa na uwezo huo. Iliachiwa kutoka kituoni Mei 2018, na kufikia 2020 ilikuwa imeshateketea.

Jua likichafuka mambo huharibika zaidi, maana hewa ya juu hupata joto na kutanuka. Februari 2022 setilaiti 49 za intaneti za Starlink zilirushwa hadi kilomita 210 tu, dhoruba itokayo kwenye Jua ikazikuta huko; takriban 40 zikapotea.

Kwenye 800 raha: msuguano ni mdogo, mafuta hayaliki. Ila ukifa huko, huondoki. Envisat, setilaiti ya Ulaya ya kuchunguza Dunia, tani 8, ilinyamaza Aprili 2012 na bado inazunguka karibu na kimo hicho, ikiwa kero kwa wenzake.

Kwa chombo cha wanafunzi ningechagua 400 bila kusita, kwani hewa yenyewe itazoa taka. Kamera ya kupiga picha za mashamba miaka mitano? Ningeipandisha hadi 550 hivi, na injini ndogo juu yake.